Skrini Iliyojaa @: Uchambuzi wa Commodore 64 Moja Iliyozimika Ikitazamwa

Kompyuta yenyewe ni Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, ya umbo la awali, lile la mviringo ambalo wapenzi wake hulifananisha na mkate, yenye bodi namba 250407. Ilinunuliwa pamoja na adapta yake ya asili, kinasa kaseti na kaseti chache, vyote vikiwa vimekaa stoo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mnunuzi alikuwa na kompyuta kama hiyo utotoni. Muuzaji alisema haijajaribiwa, neno ambalo katika biashara ya vitu hivi mara nyingi lina maana kwamba ilijaribiwa na haikuwaka. Safari hii lilikuwa kweli.

Mnunuzi alifika nayo nyumbani, akaiunganisha na televisheni, akachomeka adapta, akawasha. Skrini ya bluu ikatokea, na mstari wa READY chini yake. Mtu aliyekulia na mashine hii akiona rangi hiyo hawezi kufikiria vipimo. Alipiga picha kwa simu, akaandika programu fupi ya mistari miwili, akaizima na kuiwasha tena ili tu aione inavyoamka. Baada ya dakika kumi na kitu kishale kikaacha kumweta, sehemu zote tupu za skrini zikajaa alama ya @, na maandishi yakabadilika yasomeke ovyo. Akapiga picha ya pili, akazima. Alipowasha tena skrini ilikuwa nyeusi tii, taa nyekundu ya pembeni ikiwaka kama kawaida. Ikawa hivyo kila alipojaribu.

Alichofanya baadaye ndicho wengi hufanya: aliagiza PLA mpya, chipu ya U17 inayoamua chipu ipi izungumze, kwa sababu kila anayeulizwa kuhusu Commodore 64 yenye skrini nyeusi huitaja hiyo kwanza. Fedha hiyo ilipotea bure. Zile picha mbili za simu zilikuwa na jibu lote, hadi namba ya chipu iliyokufa, kabla hata kifuniko hakijafunguliwa.

Picha ya kwanza

Commodore 64 iliyo nzima huamka na maneno haya:

 **** COMMODORE 64 BASIC V2 **** 
64K RAM SYSTEM  38911 BASIC BYTES FREE
READY.

Namba 38911 haikuandikwa tu ndani ya ROM, kumbukumbu isiyofutika, kama pambo. Kila inapowashwa, kompyuta hupima kumbukumbu yake kuanzia anwani 1024 kwenda juu: huandika 85 katika baiti moja, huisoma, huandika 170, huisoma tena, kisha hurudisha kilichokuwamo na kusonga mbele. Inapofika mahali ambapo inachosoma si ilichoandika, husimama na kuhesabu hapo kuwa ndio mwisho wa kumbukumbu. Katika mashine nzima husimama kwenye 40960, ambako ROM ya BASIC, lugha ya programu ya mashine hii, inaanzia. Nafasi ya programu huanza 2049. Toa 2049 kwenye 40960, unabaki na 38911.

Picha ya kwanza, ile ya furaha, ilionyesha 18437. Mmiliki hakuiona, maana jicho lililokuwa likitazama lilikuwa la utotoni. Ukijumlisha 18437 na 2049 unapata 20486: hapo ndipo baiti ya kwanza mbovu ilipokuwa. Kompyuta ilikuwa imeshasema, kwa lugha yake na ndani ya sekunde tatu, kwamba kumbukumbu ina kasoro. Ule ndio ulikuwa ufa, na ukuta ulifuata dakika kumi baadaye.

Hapa kuna mtego mmoja wa kukumbuka. Ukiona 30719 usikimbilie chipu za kumbukumbu. Namba hiyo ina maana kwamba kipimo kilisimama kwenye 32768 kamili, na huko ndiko ROM ya katriji, kile kisanduku cha programu cha kuchomeka, hukaa. Angalia kwanza tundu la katriji: pini iliyopinda au uchafu unaogusanisha pini mbili huifanya kompyuta idhani kuna katriji ambayo haipo.

Picha ya pili

Hii ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Ilisomeka hivi:

JJJJ@COMMODORE@VT@BASIC@VR@JJJJ
@VTK@RAM@SYSTEM@@QXTSW@BASIC@BYTES@FREE
READYN

Kwa haraka ni takataka. Lakini angalia kilichobaki: COMMODORE, BASIC, RAM, SYSTEM, herufi zote ziko salama. Vilivyoharibika ni tarakimu, nyota, nukta na nafasi tupu, na vimeharibika kwa utaratibu. Nyota imekuwa J kila mahali. Sita imekuwa V, nne imekuwa T.

Katika kumbukumbu ya skrini kila alama ina namba yake. Nafasi tupu ni 32, @ ni 0, A ni 1, B ni 2 na kuendelea. Nyota ni 42, J ni 10. Tarakimu 6 ni 54, V ni 22. Nukta ni 46, N ni 14. Kila mara tofauti ni 32, wala haibadiliki. Herufi A hadi Z zimepona kwa sababu namba zao ni 1 hadi 26, hazina hiyo 32 ndani yake ya kupotezwa. Ile QXTSW ni 18437 ileile iliyopungukiwa na 32 katika kila tarakimu.

Thelathini na mbili ni thamani ya biti namba 5 kati ya biti nane za baiti, ukihesabu kuanzia sifuri. Katika bodi ya 250407 kuna chipu nane za kumbukumbu za aina ya 4164, na kila moja hubeba biti moja tu ya kila baiti katika kompyuta nzima: U21 hubeba biti 0, U9 biti 1, U22 biti 2, U10 biti 3, U23 biti 4, U11 biti 5, U24 biti 6 na U12 biti 7. Biti 5 imekwama kwenye sifuri, basi mtuhumiwa ni U11. Kama ingekwama kwenye moja, hadithi ingegeuka: herufi A ingesomeka kama alama ya mshangao, na nafasi tupu zingebaki tupu.

Picha hiyohiyo inawatoa hatiani wengine. Maumbo ya herufi yalikuwa safi, kwa hiyo ROM ya herufi ni nzima. Picha ilitulia na rangi zilikuwa sahihi, kwa hiyo VIC, chipu ya picha, ilikuwa hai na inapata saa yake. Na PLA? Kazi ya PLA ni kuchagua chipu ipi izungumze kwa wakati upi. Haishiki njia za data, haina namna ya kunyofoa biti moja na kuziacha saba. Ikiugua, huugua kwa fujo kubwa zaidi.

Linabaki swali la skrini nyeusi: kwa nini biti moja izime kila kitu? Kwa sababu kichakato hakiwezi kupiga hata hatua kumi bila kumbukumbu. Kinaanza kazi kwenye anwani 64738 (waliokulia na mashine hii wataikumbuka, ndiyo ya SYS 64738), na amri ya tano inakituma kwenda kuangalia kama kuna katriji. Kabla ya kwenda kinahifadhi kwenye kumbukumbu mahali pa kurudia, baiti 252 na 233. Biti 5 ikipotea zinasomwa 220 na 201. Badala ya kurudi 64746 kinarukia 56522, ambako hakuna programu ila rejista za CIA, chipu ya kibodi na saa, nacho kinaanza kutekeleza rejista hizo kana kwamba ni amri. VIC haijapewa agizo lolote bado. Rejista zake kwa kawaida huamka na sifuri, na sifuri ni rangi nyeusi. Taa nyekundu haiyajui yote hayo. Inapata volti 5 moja kwa moja, na ingewaka hata chipu zote zingeng'olewa.

Tofali

Chipu ya mwaka 1983 inaweza kufa kwa uzee, na zipo zinazojulikana kwa hilo: 4164 zenye alama ya MT hufa sana, na bodi hii ilikuwa nazo tano. Lakini chipu iliyoamka na kasoro ndogo kisha ikafa kabisa ndani ya dakika kumi inakulazimisha kutazama umeme kabla ya kitu kingine. Ukibadilisha chipu na kuirudishia adapta ileile, utabadilisha tena.

Adapta ya asili huitwa tofali na jina linaifaa kwa uzito na kwa umbo. Hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za DC na volti 9 za AC. Ndani yake vyote vimemwagiwa gundi ngumu, kwa hiyo joto halina pa kutokea na fundi hana pa kuingilia. Kirekebishi cha volti 5 hupikwa humo kwa miaka, na kinapoharibika mara nyingi hakikatiki, huachia. Volti hupanda, na hakuna kinga ndani ya kompyuta: volti 5 za tofali huenda moja kwa moja kwenye chipu za kumbukumbu, kichakato na PLA.

Kulipima kuna njia ya kujidanganya na njia ya kupata ukweli. Ya kujidanganya ni kuchomeka tofali likiwa baridi, kugusa pini kwa mita, kusoma 5.1 na kufurahi. Ya ukweli inahitaji mzigo na muda. Chukua rezista ya omu 5 inayostahimili wati 10, ambayo kwa volti 5 huvuta ampea 1. Iweke juu ya kigae, maana itapata moto wa kuunguza kidole. Iunganishe kati ya pini 5 ya plagi, ambayo ni volti 5, na pini 2, ambayo ni ardhi. Pini 6 na 7 ndizo za volti 9 AC, usizichanganye. Kisha subiri, ukiandika.

Tofali la kisa hiki lilisoma 5.08 mwanzoni. Baada ya dakika 10, 5.21. Dakika ya 20, 5.64. Dakika ya 25 lilifika 6.02 na kipimo kikakatishwa. Upande wa AC ulikuwa mzima, 9.6. Mpaka unaokubalika ni 5.25, yaani asilimia 5 juu ya 5. Anayepima kwa dakika tano tu angelipitisha.

Wapo wanaochimba gundi na kubadilisha kirekebishi. Kazi hiyo haistahili, na inahusu waya za umeme wa ukutani ndani ya boksi lililopasuka. Adapta mpya inayofaa ina volti 5 DC za angalau ampea 1.5 na transfoma ya volti 9 AC ya ampea 1. Hiyo AC lazima iwe AC kweli. Ndani ya kompyuta, hizo volti 9 hupandishwa na kurekebishwa ziwe 12 kwa ajili ya SID, chipu ya sauti, na VIC, na mpigo wake ndio unaoendesha saa za CIA. Ukiipa DC, volti 12 hazipatikani. Pia ipo kinga ndogo inayokaa kati ya adapta na kompyuta na kukata umeme volti 5 zikizidi kiwango. Kwa mwenye kompyuta zaidi ya moja na adapta za kuokota, hiyo inunuliwe kabla ya kompyuta yenyewe.

Kuthibitisha kabla ya kukata

Picha ilisema U11, lakini picha si kipimo. Kwa adapta mpya, kifuniko kilifunguliwa (skrubu tatu upande wa chini mbele, kisha plagi ya kibodi yenye matundu 20 na ile ndogo ya taa), na volti zikapimwa bodini. Kwenye 4164 volti 5 iko mguu wa 8 na ardhi mguu wa 16, kinyume cha chipu nyingi za wakati huo; wengi wamepima kinyume na kudhani bodi ina kasoro. Ilisoma 5.02. Kirekebishi cha 12 kilitoa 11.9, na kile cha volti 5 kinacholisha saa na VIC kilitoa 5.0. Mguu wa 40 wa kichakato, ule wa kuanzisha upya, ulikaa chini kidogo kisha ukapanda kama inavyotakiwa.

Kipimo cha kidole hakikusaidia. Chipu ya kumbukumbu iliyokufa mara nyingi hupata joto kuliko wenzake, ila U11 ilikuwa vuguvugu kama zote. PLA na VIC zilikuwa moto, lakini hizo huwa moto zikiwa nzima, na ndiyo sababu moja PLA husingiziwa.

Ikajaribiwa mbinu ya kubebesha: 4164 nzima inakandamizwa mgongoni mwa ile inayoshukiwa, mguu kwa mguu, kompyuta inawashwa. Hakuna kilichobadilika. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu na kuhitimisha kwamba chipu ni nzima. Mbinu hiyo husaidia pale tu ambapo chipu iliyokufa imenyamaza. Ikiwa imekufa huku imeushika waya wake chini kwenye sifuri, kama hii, ile ya juu haiwezi kuuinua.

Kilichomaliza ubishi ni katriji ya Dead Test, ya kupimia mashine isiyoamka. Uzuri wake ni kwamba huingia mahali pa KERNAL, programu ya ROM inayoiamsha kompyuta, na huanza kazi bila kutegemea kumbukumbu. Skrini hukaa nyeusi sekunde kadhaa, na ikikuta kasoro humweta: mara moja ni U12, mara mbili U24, tatu U11, nne U23, tano U10, sita U22, saba U9, nane U21. Ilimweta mara tatu, ikatulia, ikarudia tatu. Na kule kumweta kwenyewe ni ushahidi kwamba kichakato, VIC na PLA viko hai, la sivyo kusingekuwa na wa kumwetesha.

Bado kuna uwezekano mmoja. Njia ya data ya biti 5 inapita kwenye chipu nyingine pia, na yoyote kati yake inaweza kuibana. SID na CIA ya U1 zilikuwa kwenye soketi, zikachomolewa, katriji ikarudiwa. Tatu tena.

Kuitoa

Bodi hizi zina njia za shaba pande mbili na pete za matundu zinazobanduka kwa urahisi. Chipu iliyokufa haina thamani, bodi inayo, kwa hiyo usihangaike kuitoa chipu nzima. Miguu yote 16 ilikatwa kwa koleo la ncha bapa, karibu kabisa na mwili wa chipu. Kisha kila mguu ukatolewa peke yake: ongeza lehemu mpya kidogo ili ya zamani iyeyuke vizuri, pasi kwenye nyuzi 340 hivi, sekunde mbili au tatu, mguu uvutwe kwa kibano bila nguvu. Ukigoma, usiuvute, ongeza lehemu tena. Mguu wa 16 huchelewa kwa sababu umeungwa kwenye shaba pana ya ardhi inayokunywa joto. Matundu yakafyonzwa kwa pampu na kusafishwa kwa spiriti.

Mguu wa 15 ulitoka na pete yake ya upande wa juu. Hutokea hata kwa mikono mizuri. Dawa yake ni nyepesi kwa sababu kwenye 4164 karibu kila mguu umeunganishwa na mguu uleule wa chipu zote nane: 3, 4, 15, na anwani zote za 5, 6, 7 na 9 hadi 13. Waya mwembamba kutoka mguu wa 15 wa U12, chini ya bodi, ulitosha. Miguu ya pekee ni 2 na 14, ya kuingiza na kutoa data, ambayo hapa imeunganishwa pamoja na kwenda kwenye biti ya chipu husika tu.

Soketi ya miguu 16 ikalehemiwa. Kabla ya kuweka chipu, mita iliwekwa kwenye mlio na kila tundu likapimwa dhidi ya mguu wa mwenzake. Tundu la 14 likapimwa dhidi ya mguu wa 32 wa kichakato, ambao ndio biti 5 kwa upande wake. Dakika tano hizi huokoa saa nyingi. Soketi yenye tundu moja lisilogusa hutoa dalili zilezile za chipu mbovu, na utaanza kuzilaumu chipu mpya.

Chipu iliyowekwa ni 4164 ya nanosekunde 150. Ya 200 nayo ingefaa. Ielekeze alama yake kama za jirani; ukiigeuza, volti 5 na ardhi vinabadilishana na imekwisha.

38911

Ilitokea mara ya kwanza. Hapo ndipo wengi hufunga kifuniko, na hapo ndipo kisa hiki kilihitaji usiku mmoja zaidi, kwa sababu kumbukumbu zile saba zilizobaki zilipitiwa na volti zilezile.

Kipimo cha kuamka hakitoshi. Kinaandika na kusoma papo hapo, wakati ubaya wa chipu hizi zikichoka ni kusahau baada ya muda au zikipata joto. Programu hii hujaza kwanza, husubiri, ndipo inasoma:

10 FOR A=8192 TO 40959:POKE A,170:NEXT
20 T=TI
30 IF TI-T<36000 THEN 30
40 FOR A=8192 TO 40959
50 IF PEEK(A)<>170 THEN PRINT A,PEEK(A)
60 NEXT

TI huhesabu mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo 36000 ni dakika 10. Ikimaliza, badilisha 170 iwe 85 katika mistari ya 10 na 50, uendeshe tena, ili kila biti ijaribiwe ikiwa moja na ikiwa sifuri. Ikitoa namba, toa ulichosoma kwenye ulichoandika: tofauti inakupa biti, na biti inakupa chipu, kwa hesabu ileile ya picha ya pili.

Mizunguko yote miwili ilipita bila namba. Mashine ikaachwa inawaka saa nane na kifuniko kimefungwa, kisha ikapimwa tena ikiwa na joto lake. Ikapita.

Hapa pana hoja ambayo wakusanyaji hawakubaliani: zile MT nne zilizobaki (U11 ilikuwa ya tano) zibadilishwe zote sasa, kwa kuwa zitakufa siku moja? Kwa bodi hii jibu lilikuwa hapana. Kila chipu inayotolewa inahatarisha pete 16, na moja ilishabanduka. Chipu inayofanya kazi haidhuru bodi, na ikifa siku yake tutajua ni ipi ndani ya dakika moja. Anayeitumia kila siku anaweza kuwa na hesabu nyingine. Anayeiweka ili idumu aache.

SID ilirudishwa ikapimwa kwa mstari mmoja:

POKE54296,15:POKE54278,240:POKE54273,28:POKE54276,17

Sauti ya kwanza inapaswa kutoa mlio mnyoofu wa karibu herzi 420, na POKE54276,16 huikatisha. Kwa sauti ya pili ongeza 7 kwenye anwani tatu za mwisho, kwa ya tatu ongeza 14. Ile ya 54296 ni ya ukubwa wa sauti, haiguswi. Zote tatu zililia. Hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu SID ya 6581 haitengenezwi tena, nayo pia ilikuwa ikinywa volti 6 za tofali kupitia mguu wake wa 25.

Kinasa kaseti kilihitaji mkanda mpya wa mpira na kichwa kufutwa kwa spiriti, hakuna la kusimulia.

Vinavyobaki na mashine

Tofali halikutupwa. Kwa mkusanyaji, seti yenye adapta yake ina maana kuliko isiyo nayo, na hilo ni sawa maadamu halichomekwi. Tatizo ni kwamba vitu hivi huhama mikono, na mtu wa kesho atafurahi kama alivyofurahi huyu. Kwa hiyo plagi yake ya pande zote mbili ilifungwa kwa mpira unaonywea kwa joto, ambao hautoki bila kukatwa kwa kisu, na kibandiko kikawekwa juu: «volti 6.02 baada ya dakika 25, usichomeke».

Ndani ya kifuniko cha kompyuta kulibandikwa mfuko mdogo wenye mwili wa U11 usio na miguu, na karatasi inayotaja waya wa mguu wa 15, maana fundi atakayefungua baadaye akiuona bila maelezo atadhani ni uchafu wa mtu na kuukata. Nyuma ya karatasi imechapishwa ile picha ya pili, na chini yake imeandikwa kwa kalamu: U11, biti 5, toa 32. Ile PLA iliyoagizwa bure iko kwenye droo, haijatoka kwenye povu lake.